Mama Viatu na Hesabu ya Ziwa Isiyotimia

Saa nane na nusu mchana. Ziwa halina hata mkunjo. Tiara kumi na mbili, zile kubwa za kumvuta mtu majini juu ya ubao, zimelala mchangani, zimefukiwa mchanga mgongoni zisije zikaondoka zenyewe, na wenye tiara wamekaa kando yake wakiitazama miti ya ng'ambo. Wanasubiri majani yatikisike.

Mwanamke mwenye filimbi shingoni anapita polepole mbele ya ubao mrefu uliopigiliwa juu ya vigingi. Hatazami watu. Anatazama viatu vilivyopangwa juu ya ubao huo, na kila jozi anaigusa kwa ncha ya kijiti, midomo ikicheza bila sauti.

"Kumi na tatu," anasema.

Watu ni kumi na wawili. Hakuna anayemsahihisha wala kucheka. Wote wanaijua jozi ya kumi na tatu, ile ya mwisho kushoto: raba nyeupe, kamba zake zimefungwa vizuri, imekaa hapo miezi kumi na moja. Jua limekula rangi ya soli, na ndani ya mguu wa kulia kuna buibui aliyezaa.

"Sijui kusoma sana, lakini kuhesabu najua," anasema mwanamke huyo, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili. "Kila jioni hesabu yangu inazidi kwa jozi moja. Na najua kwamba haijazidi. Imepungua."

Wapanda tiara wanamwita Mama Viatu. Walianza kwa kumdhihaki, na jina likaganda. Yeye ndiye mwokoaji wa ziwa hili. Ana boti moja ya kuangalia kilomita nne za maji, na msaidizi mmoja ambaye ni mume wa marehemu dada yake. Mshahara wake wa mwezi haufiki ada ya siku mbili za kujifunza kupanda tiara.

Kabla ya hapo alifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo juu ya kilima kwa miaka kumi na minne. Huko ndiko alikojifunza desturi yake: mashuka yanatoka kwa hesabu, yanarudi kwa hesabu. "Shuka likipotea, nilikatwa," anasema. "Nimekuja huku nikakuta mtu akipotea hakuna anayekatwa."

Akaweka ubao. Anayeingia majini avue viatu hapo, anayetoka avichukue. Bendera ya kuruhusu kuingia ikishushwa na jozi ikabaki, boti inaondoka. Ni njia ya mfuaji, na kwa miaka tisa haikumwangusha.

Wageni huwapa darasa lake kwa maneno machache. "Kamba zako zina mita ishirini na tano," huwaambia. "Kwa hiyo ukishaingia majini wewe si huyo mfupi aliyeshuka kwenye gari. Wewe ni jitu la mita ishirini na tano. Ukipita karibu na mtu, jitu ndilo linalopita."

Anayetoka ufukweni apishwe na anayerudi. Mkipishana, aliye upande unakotoka upepo apandishe tiara yake juu, mwenzake aishushe. Kabla ya kuruka, tazama nyuma. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu, usiingie hata kama umelipa. Na muogeleaji apishwe na wote, "maana hana breki, hana usukani, na mara nyingi hana habari."

La mwisho ndilo analolirudia mara mbili: ukitua kwingine, sema. "Ukitua ng'ambo, ukitua kwa shangazi yako, nipigie." Zamani aliongeza, "hata ukitua mbinguni." Siku hizi haongezi.

Ilikuwa Jumapili, saa kumi kasoro dakika chache. Upepo ulikatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Ndege wa kwenye matete wakanyamaza. Mama Viatu anasema alisikia saa ya mkononi ya shemeji yake ikitembea.

"Nikamwambia, shemeji, washa."

"Nikamwambia, shemeji, mafuta yenyewe ni ya kunusa," anadakia shemeji huyo, mwanamume mwembamba ambaye hata sasa anasafisha plagi ya injini huku akizungumza. "Akaniangalia. Nikawasha."

Upepo ulirudi ukitokea nyuma yao, kwenye nchi kavu, ukisukuma kila kitu kuelekea katikati ya ziwa. Mama Viatu alishusha bendera, akapiga filimbi mpaka mate yakakauka. Wapanda tiara walirudi mmoja mmoja, wengine wakitambaa. Walichukua viatu vyao. Zikabaki raba nyeupe.

Zilikuwa za daktari wa meno mwenye kliniki yake mjini, katibu wa chama cha wapanda tiara.

Wakaiona tiara yake mbali, nyekundu, ikiwa peke yake. Haikuwa imeanguka. Ilikuwa inapanda na kushuka, na chini yake mpini wa kushikilia ulikuwa ukiburuzwa majini, ukichora mstari mweupe. "Ilikuwa inatembea," anasema Mama Viatu. "Kama mtu yuko chini ya maji anaishika, anatembea taratibu, hana haraka."

Waliifukuza. Kila walipoikaribia iliinuka na kusogea. Kamba zilikuwa zinapiga mluzi wa sauti moja, usiopanda wala kushuka. Walipoikamata hatimaye, shemeji alivuta kamba mkono kwa mkono akitarajia uzito. Hakukuwa na uzito. Kulikuwa na mpini, kamba na maji.

Wakatafuta kwa saa mbili katikati ya ziwa.

Muda huohuo, upande wa pili wa mawe yaliyo mwisho wa ufukwe, kwenye kona ambayo watu wa mabondeni huogea baada ya kazi, mfyatua matofali mmoja alikuwa anasukumwa na upepo uleule. Watu walimwona. Walipunga mashati, walipiga mabati, mzee mmoja alikimbia hadi kwenye banda la boti na kulikuta tupu. Boti moja haiwezi kuwa mahali pawili. Hilo halihitaji elimu kulijua, na waliopaswa kulijua walikuwa nayo ya kutosha.

Mama Viatu aliporudi, mwanamke alikuwa amesimama karibu na ubao wa viatu.

"Dada, mume wangu hajatoka."

"Viatu vyake viko wapi?" Lilimtoka kwa mazoea. Anasema analisikia swali hilo kila siku.

"Viatu vya nini, dada? Alitoka kwenye tope."

Mfyatua matofali alipatikana siku ya tatu, kwenye matete. Daktari wa meno alipatikana siku ya pili, kitandani kwake. Alikuwa ameiachia tiara ili awe mwepesi, akaogelea na ubao wake wa kutelezea hadi ng'ambo, akapata lifti, akaenda nyumbani pekupeku, akazima simu akalala. "Nilichoka," aliwaambia wenzake. "Nilidhani mtajua tu."

Hajawahi kuzifuata raba zake. Na Mama Viatu hajaziondoa. "Kwangu bado yuko majini," anasema. "Hajaniambia amerudi."

Tiara yake nayo ipo, inaning'inia kwenye banda la boti. Ukifungua mlango, hewa inaingia na kitambaa kinajaa polepole, kinasogea kuelekea kwako, kisha ukifunga kinatoa pumzi. Shemeji hutoka humo kinyumenyume. "Sipendi kuipa mgongo," anasema, na hatanii.

Watu wenye kumbukumbu fupi watasema ilikuwa ajali. Basi na wakumbushwe. Miaka saba iliyopita bodi ya ziwa iliahidi boti ya pili, asubuhi, chini ya turubai, kwa soda na hotuba. Miaka minne iliyopita iliahidi boti ileile. Baada ya mazishi iliahidi kwa mara ya tatu, safari hii kwa mchoro wa rangi. Mchoro upo ukutani ofisini. Una injini nzuri sana.

Mjane wa mfyatua matofali hakusubiri mchoro. Miezi minane iliyopita alifika kwenye kona ya kuogea na kikapu cha vipande vya matofali, mabaki ya tanuri la mwisho la mumewe, kila kipande kiasi cha kiganja. Akageuza ndoo, akaikalia.

Anayeingia majini anachukua kipande kikapuni na kukiweka juu ya jiwe bapa. Akitoka anakirudisha kikapuni. Awe na viatu, asiwe navyo, ana kipande chake. Hakuna aliyemwajiri.

"Leo nipe laini, cha jana kilinichubua," kijana fundi wa baiskeli anamtania.

"Hilo tofali, mwanangu, siyo sabuni. Weka pale. Na ukichelewa kutoka nitakufuata na hiki kigumu."

Mama Viatu huja kila alasiri, nao huhesabu pamoja, mmoja vipande, mwingine vichwa. Hawazungumzi wakati wa kuhesabu. Tangu waanze, watu watano wamevutwa wakiwa hai, kwa sababu hesabu ilipishana na mtu akaulizwa yuko wapi.

Ni kona hiyo sasa inayotakiwa.

Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya bodi. Inasema sehemu ya kuogea ifungwe na ipewe wanaojifunza kupanda tiara, kwa kuwa hapo upepo ni safi, na kwa kuwa tukio la mwaka jana "lilisababishwa na uogeleaji usio rasmi." Inasema pia vipande vya matofali viondolewe, vinaharibu mandhari. Chini kuna sahihi ya katibu wa chama.

Soma tena. Aliyekufa ndiye mkosaji. Aliyelala ndiye mwandishi.

Kwa simu, daktari wa meno alisema anasikitika kwa yote yaliyotokea na kwamba usalama ni wa kila mtu. Akaulizwa kuhusu raba. Akasema wanasheria wa chama wamemshauri asizungumzie viatu.

"Wakiichukua kona, watu wa tope wataogea wapi?" anauliza Mama Viatu. "Hawataacha kuoga. Watahamia kule kwenye matete, ambako simwoni mtu wala mtu hanioni. Na hapa nitawekewa wanafunzi, watu wasiojua hata kuiachia tiara, upepo wa nchi kavu ukiwa mgongoni mwao. Nitapoteza pande zote mbili."

Kuna jambo moja ambalo hajaiambia bodi.

Jumanne ya wiki iliyopita, mchana mweupe, ziwa lilikuwa limetulia kama leo. Hakukuwa na tiara hata moja majini. Mjane alihesabu vipande: kumi na nane. Mama Viatu alihesabu vichwa: kumi na tisa.

Wakarudia. Kumi na nane, kumi na tisa. Wakabadilishana, mjane akahesabu vichwa. Kumi na tisa.

Kichwa kimoja kilikuwa mbele kidogo ya wengine, kimewapa kisogo. Hakikuwa kinaogelea. Kilikuwa kimetulia tu kama mtu aliyesimama, mahali ambapo mwenye kimo chochote hawezi kusimama.

Alipuliza filimbi. Watu wote walitoka, wakinung'unika, kila mmoja akachukua kipande chake. Walitoka kumi na wanane. Jiwe likabaki tupu, na maji yakabaki matupu. Shemeji alizunguka na boti mara tatu, injini chini kabisa. Hakuona hata povu.

"Mimi nilikuwa bado nayatazama maji," anasema Mama Viatu. "Mwenzangu hakuyatazama. Alichukua kipande kimoja kikapuni, akaenda akakiweka juu ya jiwe."

Mjane mwenyewe anapoulizwa, anaendelea kupanga vipande. "Hakuwahi kuwekewa chake," anasema. "Siku ile aliingia bila kuhesabiwa. Nimemwekea."

Kipande hicho bado kipo. Hakuna muogeleaji anayekigusa, na hakuna aliyewaambia wasikiguse.

"Nikiwaambia wa bodi watasema nimechanganyikiwa, na hiyo ndiyo sababu watakayoitumia," anasema Mama Viatu. "Wewe andika. Lakini andika na hii: saa hiyo tulikuwa tumeshahesabu mara tatu. Sisi hatukosei hesabu. Wanaokosea wana ofisi."

Bodi inakutana Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mkutano ni wa wazi, ingawa tangazo lake limebandikwa mahali ambapo wanaopita ni wanachama tu. Mama Viatu amelisoma kwa msaada wa shemeji, herufi kwa herufi, na anajua anachokwenda kudai: kila tiara iandikwe jina na simu ya mwenyewe; atakayetua kwingine bila kutoa taarifa asiingie majini mwaka mzima, hata awe katibu; maboya yafungwe kati ya mawe na kona, tiara isivuke; na boti itoke ukutani ije majini.

Kwa wiki mbili, akishashusha bendera, yeye na mjane wamekuwa wakipita mabondeni nyumba kwa nyumba. Wengine waliwafungia mlango; bodi huwapa vibarua vya kukata nyasi na wanaogopa. Mwanamke mmoja mchoma mkaa aliwasikiliza hadi mwisho akasema, "Mimi sijui kuongea mbele ya watu wenye tai." Mjane akamjibu kwamba hakuna atakayeombwa aongee.

Hadi jana jioni waliokubali walikuwa arobaini na mmoja. Kila mmoja ataingia ukumbini na kipande chake cha tofali, akiweke mezani mbele ya bodi, akae. Basi. Kazi ya kuhesabu itabaki kwa wenye meza.

Na wakishindwa? Anaweza kufukuzwa siku hiyohiyo, hilo analijua. Umri wake hauna mwajiri mwingine, na nyumba ya wageni ina mashine ya kufulia sasa.

Mama Viatu anaangalia miti ya ng'ambo. Majani ya juu yameanza kutikisika, na wapanda tiara wanainuka, wanakung'uta mchanga.

"Watachukua filimbi, ni yao. Watachukua boti, ni yao," anasema, akiinuka naye. "Mimi na mwenzangu tutakaa palepale kwenye mawe, kila siku, jua liwake, mvua inyeshe. Kuhesabu watu hakuhitaji ajira."