Kodiani ya baba niliyoianika kama kahawa

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Leo nauacha ulivyo, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mkulima wa kahawa hapa Mlowo, ila kwetu ni Ibaba, kule juu Ileje. Baba yangu alipiga kodiani kanisani tangu ujana wake. Kwa msioijua, ni kile kinanda cha kuvaa kifuani, unakivuta na kukibana huku vidole vinacheza.

Mwaka jana akaugua ini. Hospitali wakaturudisha nyumbani, wakasema tumpe chochote anachopenda. Mwenye akili anaelewa maana yake.

Dada yangu Atupele ndiye aliyemuuguza. Mimi nilikuwa napanda Ibaba kila Jumapili, na kwa kuwa sina maneno mengi mbele ya mgonjwa, nikawa namwonyesha video kwenye simu. Ndipo tukakutana na kodiani za Romania.

Aisee, wale watu ni balaa. Mafundi wenyewe hasa ni Waroma, wale ambao wengi tunawaita Gypsies. Kwao muziki ni kazi ya ukoo. Harusini kodiani inakimbizana na violin mpaka vidole huvioni.

Halafu kuna doina. Huo ni wimbo wa polepole, hauna mapigo ya kuhesabu, mpigaji anakwenda moyo unavyomtuma. Na msibani wanampigia marehemu wimbo alioupenda, pale pale kaburini.

Baba alirudia doina moja mpaka chaji ikaisha. Akaniambia, "Katengeneze ile ya kwangu, unipigie hivi hivi, taratibu. Usisubiri nikiwa kaburini, kule sitasikia."

Nikaahidi. Alinifundisha nikiwa mdogo, kwa hiyo kupiga naweza.

Kodiani ilikuwa imelala miaka chini ya kitanda, na ukungu wa Ibaba mnaujua. Ndani ilikuwa imeota kuvu. Nikashuka nayo Mlowo.

Ulikuwa msimu wa kuanika kahawa. Nikaona dawa ya unyevu ni jua tu, nikaiweka kwenye kichanja kando ya kahawa. Saa sita jua lilipokuwa kali nikafunika kichanja chote kwa nailoni, kama tunavyofanya siku zote ili maganda ya kahawa yasipasuke. Sikufikiri hata kidogo. Mikono ilifanya kazi iliyoizoea.

Jioni nilipoiinua, ndani ikalia kama kopo la misumari.

Wakuu, sauti za kodiani zinatoka kwenye vibati vidogo vingi, na vibati vile vinashikiliwa na nta ya nyuki. Yote ilikuwa imeyeyuka.

Baba akapiga simu kuulizia. Nikamwambia iko kwa fundi Tunduma.

Kweli niliipeleka. Fundi redio mmoja akaifungua, akaifunga, akasema, "Kaka, hapa nisikudanganye." Nikarudi nayo. Lakini baba niliendelea kumwambia iko kwa fundi, wiki tatu nzima, kila akiuliza. Niliona nikisema ukweli nitamuua kabla ya ini.

Mwishowe nikapata video ya mzee wa Kiroma anabandika vibati jikoni kwake. Kiromania sijui hata salamu, nikafuata mikono. Aliyeyusha nta kwenye kopo, akatia na kitu cha njano kama kokoto. Hicho nikakipuuza. Nikatumia nta tupu, na Mlowo ikapiga vizuri sana.

Nikaipandisha Ibaba kwa bodaboda, asubuhi ya baridi ile ya Juni. Baba alikuwa hawezi tena kuketi. Nikaanza doina.

Sauti chache zikatoka. Kisha ikakata moja, ikakata nyingine, vibati vikaanza kudondoka ndani kimoja kimoja, naye anasikia.

Akafumba macho. "Umeweka nta tupu. Kwenye baridi inapasuka." Akapumzika kidogo. "Uliianika juani?"

Nikaivua kodiani kifuani, nikaiweka chini.

"Hata mimi niliwahi kuianika, mwaka uliozaliwa wewe. Nikaibandika mwenyewe. Nta, na utomvu wa paina kidogo. Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Ningekuelekeza."

Miti ya paina iko nyuma ya nyumba yetu. Ukilala kitandani kwake unaiona dirishani.

Nikachukua kisu nikaenda kugema utomvu, nikarudi nao mbio. Nilikuwa jikoni, nta iko motoni, Atupele aliponiita. Nilimkuta ameshaondoka.

Tulimzika kwa kwaya, bila kodiani. Niliimalizia baada ya matanga, kwa nta na utomvu wa paina, na mpaka leo hakijaanguka kibati hata kimoja. Nimeipiga doina kaburini mara moja tu. Alishaniambia kule hatasikia.

Nilichojifunza ni hiki. Nilijiambia namlinda mgonjwa, kumbe nilikuwa najilinda mwenyewe nisigombezwe. Zile wiki tatu tungekaa wawili, yeye anaelekeza, mimi nabandika. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko hata kifo chenyewe.

Mliouguza wazazi, kuna kitu mliwaficha? Andikeni hapa. Na wa kunisema mnakaribishwa pia, nitasoma zote.