Kipande cha Kanga Yangu Kwenye Mfuko wa Koti Lake

(Aliyetuandikia tunamjua. Jina lake tumelificha kama alivyoomba. Mhariri.)

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mkazi wa Mikindani, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Naimba katika kikundi cha taarabu cha mtaani kwetu. Si kwamba najisifu, lakini harusi ya huku ikikosa sauti yangu watu huuliza naumwa nini. Nina jambo limenikaa kooni na sina wa kumwambia, maana ninayemshuku ndiye ninayelala naye.

Baada ya msimu wa korosho alikuja fundi kutoka Dar es Salaam kurekodi nyimbo zetu zipigwe redioni. Alishusha masanduku na waya nyingi mpaka watu wakaingiwa na wasiwasi. Mnajua hali yetu, vita viko hapo ng'ambo ya Ruvuma, na mgeni mwenye waya hutazamwa mara mbili. Balozi wa nyumba kumi akaamua fundi asiachwe peke yake hata kidogo. "Katibu wa kikundi akae naye hapo hapo kwenye mashine," alisema. Katibu ndiye mume wangu.

Kila mtu alipewa kipaza sauti chake: mpiga fidla chake, wa ngoma chake, binamu yangu Zuhura chake na mimi changu. Tulileta magodoro ya sufi kutoka majumbani tukayasimamisha katikati yetu ili sauti zisichanganyike. Fundi akatueleza kwamba mashine ile hushika kila sauti kwenye njia yake, na waya wa mtu ukichomoka, njia yake hubaki tupu, wenzake wasijue. Waya zote zilifanana, basi kila mmoja akafunga alama kwenye ncha ya waya wake pale mashineni. Mimi nilichana kipande cha kanga yangu ya harusi, nikakaza fundo mwenyewe. Tulipojaribu, fundi alinivalisha visikilizio vyake masikioni. Nilipojisikia, wallahi nililia. Kisha nikarudi nyuma ya godoro langu, na mashine na mume wangu sikuwaona tena mpaka kazi ilipokwisha.

Juzi wimbo ulipigwa. Nyumba ilijaa watu, mama mkwe kakaa mkekani mbele ya redio. Zuhura alisikika kama yumo mle chumbani. Mimi nilisikika kwa mbali, kama mtu anayeimba nyumba ya pili, tena nadhani ni kipaza cha Zuhura kilichoidokoa sauti yangu kwa mbali.

"Mwenzetu, siku hiyo ulikuwa na mafua?" jirani yetu mama Saidi akauliza, wakacheka.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anakoroga chai ambayo nilikwisha kuikoroga.

"Mitambo hiyo, mama Saidi," akasema. "Haina adabu."

Kesho yake nafua koti lake, nikakuta mfukoni kile kipande cha kanga. Fundo langu limekaza vile vile, halikufunguliwa. Hakiwezi kutoka hivyo mpaka waya uchomolewe, kipite kwenye ncha. Nikamuuliza.

"Nilikiokota tulipokusanya waya," akasema. "Nikaona nikutunzie. Si kanga ya harusi yetu?"

Maneno matamu. Lakini Zuhura alisaidia kufunga masanduku, na anasema alama za wengine zote zilikwenda Dar zikiwa kwenye waya zao. Mbona yangu tu?

Nikamkumbuka ami yake wa Msimbati. Aliwahi kuja akamwambia nikiwa nasikia, "Sauti ya mkeo isikike mpaka kwenye vilabu vya pombe, nawe unaona sawa?" Mume wangu alinitetea siku ile, na nilizidi kumpenda. Sasa hata utetezi ule naushuku. Nachukia kuwa hivi.

Fundi anarudi baada ya Idi. Kikundi kimeamua safari hii Zuhura aimbe peke yake, na aliyeleta shauri hilo kikaoni ni katibu. Nikimuuliza fundi mbele ya watu kama waya wangu ulichomolewa, akisema ndiyo, sijui nitarudije nyumba moja na mtu huyu. Akisema hapana, nitakuwa nimemdhalilisha mume asiye na kosa. Nikinyamaza, ndiyo nimekwisha kuimba.

Jana nilikuwa nakuna nazi, akaja akakaa kizingitini.

"Niimbie ule wetu," akasema. "Nikusikie mimi peke yangu."

Zamani neno hilo lilinipa raha mpaka nikasahau chungu jikoni. Jana nilikuna nazi mpaka nikafika kwenye kifuu, mwishowe akainuka akaenda zake. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?