Macho ya Paskazia Kwenye Mkanda

Mzee Shimba alibeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba miaka thelathini, na shule hakuiona hata mlango. Alipozeeka alirudi Kisesa kulima mpunga na kukaa na mkewe, Ng'washi. Mwaka tisini na sita Ng'washi akafariki. Tangu hapo mzee akawa anatumia maneno kama maskini anavyotumia chumvi.

Aliyebaki kumchokoza ni shemeji yake Paskazia, mdogo wa marehemu, mjane naye, aliyekaa ng'ambo ya majaruba ya mpunga. Alimletea ugali, akamwambia ugali ule una mazungumzo kumzidi yeye. Shimba alikula, akashukuru, akarudisha bakuli.

Paskazia alikuwa na mjukuu, Nathaniel, mpiga picha za video za harusi mjini Mwanza. Biashara ya bidhaa za nje ilikuwa imeruhusiwa, deki za video zimejaa kila mtaa, na watu walilipa kiingilio kutishwa na sinema za mizimu ya ng'ambo inayosema lugha wasiyoijua. Nathaniel akaona hapana. Mizimu ya hapa nayo ipate kazi. Akachukua kamera yake ya harusi, akatengeneza mchezo wa kutisha kwa wiki mbili: ndugu wanagombania shamba la marehemu, na mchawi anashuka kutoka kwenye mawe kuwamaliza mmoja mmoja.

Mchawi alikuwa Paskazia. Alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Tangu azeeke, hakuna aliyewahi kumwomba kitu zaidi ya kuangalia kuku.

Mkanda uliungwa dukani kwa Jayant, aliyekuwa akikodisha kanda za video karibu na stendi. Jumatano asubuhi Nathaniel akamwita babu yake Shimba aje auone kwanza. Jayant akawaita na vijana wawili wapagazi waliokuwa wamekaa barazani, apate kuona kama watashtuka.

Kasoro zilikuwa nyingi, hata mzee asiyejua sinema aliziona. Mzimu ulivaa kandambili. Jogoo aliwika katikati ya usiku wa manane, na kivuli cha mpiga picha kilitembea ukutani kama mzimu wa pili. Mpita njia mmoja alimsalimia maiti. Wapagazi walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kisha ikaja sehemu moja. Chungu kinachemka jikoni, na jikoni hamna mtu. Mlango unafunguka, haingii mtu. Hakuna muziki, upepo tu. Wapagazi wakanyamaza. Shimba akaona vidole vyake vimeshika kiti.

Ndipo uso wa Paskazia ukajaa kioo kizima. Macho yake mekundu, karibu, hayapepesi. Mpagazi mmoja hakucheka wala hakushtuka. Aliuliza taratibu, "Huyo bibi anakaa wapi?"

Jayant alifurahi. Alisema sura hiyo ndiyo ataibandika kwenye jalada, itauza mpaka Magu. Shimba alingoja mpaka wapagazi walipoondoka. Miaka ile, Usukumani, kizee mwenye macho mekundu alitembea na hukumu ya uchawi usoni. Wapo waliokatwa mapanga kwa hayo tu. Na Jumapili mkanda ulikuwa unaonyeshwa Kisesa, kijijini kwa Paskazia mwenyewe.

"Mjukuu wangu," alisema, "pale kwenye chungu umenitisha kweli. Hofu ile naijua. Naamka nayo kila siku."

"Asante, babu."

"Pale kwenye macho hujatengeneza kitu. Umeokota uwongo wa watu, ukaukuza. Yule kijana hakuuliza jina la bibi yako. Ameuliza anakaa wapi."

Nathaniel alibisha. Alisema uso ule ndio nguvu ya mchezo wote, ukiutoa kinabaki kioja cha kandambili. Mwishowe akauchomoa mkanda kwenye deki, akasema waende wamwambie bibi kwamba uso wake unatolewa. Jayant akachukua jalada tupu alilokwisha kulitoa kwa ajili ya sura ile, akalirudisha kwenye droo.

Walimkuta Paskazia anapepeta mchele. Walidhani ataogopa. Alikasirika.

"Mnitoe? Kisesa nzima iliniona nikipigwa picha. Mkinificha watasema, mnaona, ana jambo." Akaweka ungo chini. "Msinitoe, nyie. Mnimalizie."

Alichotaka kilikuwa rahisi. Wapige picha jikoni kwake, mchana, anavyopika siku zote. Kuni upande ule hazikuwapo; walipikia mabua ya pamba na samadi kavu, ndani ya kuta za udongo zisizo na tundu. Bibi akamwamuru Nathaniel apulize moto, na kamera akampa shemeji yake.

"Mimi?" alisema Shimba.

"Umebeba marobota, hicho kitakushinda?"

Nathaniel alipuliza. Alikohoa, akapuliza tena. Alipogeuka, macho yake yalikuwa kama pilipili zilizoiva, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Paskazia akamshika shavu, akamgeuza aikabili kamera.

"Mimi ni Paskazia, mama yake Teodora, bibi yake huyu," alisema. "Nimepuliza moto huu miaka hamsini. Huyu kapuliza mara mbili. Haya, mchawi ni nani?"

Jayant alikiunga kipande hicho mwishoni, na uso ule wa kujaa kioo akaufuta.

Jumapili baada ya misa ukumbi wa video ulijaa. Watu walicheka kandambili, wakacheka jogoo, na kwenye chungu wakabanana kimya. Kipande cha mwisho kilikuwa kibaya kuliko vyote: kimelala upande, nusu ya kichwa cha Nathaniel haimo. Paskazia alipouliza swali lake, pakawa na kimya ambacho Shimba hakukipenda. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kawaida, "Na macho yangu mimi ni moshi." Mwingine akasema, hata ya mama. Kicheko kikaja baada ya hapo, na kilikuwa kicheko chema. Nje, watu walipanga foleni kumpa shikamoo, naye akaitikia marahaba mpaka koo likamkauka.

Jumatatu Shimba alivuka majaruba na sururu. Alipima ukuta wa jiko la shemeji yake kwa mikono, akaanza kutoboa dirisha. Kazi ya asubuhi moja tu. Kwake mwenyewe alikuwa na jiko kama hilo, na Ng'washi alipuliza humo miaka arobaini, na yeye hakuwahi kufikiria dirisha. Alisimama kidogo, akajifuta uso, akaendelea.

Saa sita moshi ulipata njia. Ulitoka mwembamba, ukapanda. Paskazia alikuja kusimama kando yake.

"Sasa kuku wataingia," alisema.

"Nitaweka wavu," alisema Shimba. "Kesho natoboa dirisha na kwangu. Uje uniambie kama liko juu sana."