Mikono ya Mama Mukwe

Lambert Kisimba, mpakiaji wa bandarini Kalemie, aliweza kuwatania wenzake tangu gunia la kwanza hadi la mwisho bila kurudia neno. Sasa, kitandani hospitalini, alikuwa na kazi moja: kuangalia dari. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori la mahindi. Shingo ikafungwa kola ngumu, kichwa kikabanwa na vifuko vya mchanga huku na huku, akaambiwa: ukigeuka, huenda usitembee tena. Dari lilikuwa na doa lenye sura ya mbuzi. Walikuwa wameshazoeana.

Nyuma ya pazia la mlango, mama mkwe wake, Mama Philomène, aliyekuja na boti kutoka Moba, alikaa akimpa mgongo. Kwao mkwe hatazamwi usoni, sembuse kuguswa. Maharage aliyopika aliyapitisha kwa binti yake Chancelle, naye akamlisha mumewe vile vile chali, kisha akatoka kununua dawa.

Maharage yakaamua kurudi.

Lambert aliyasikia yakipanda. Kugeuka, hapana. Kumeza, koo limegoma. Kuita, mdomo umejaa. Hewa ikakatika. Bingwa wa maneno akabakiwa na mkono tu. Akaisukuma sahani ya bati iliyoachwa kando yake, ikaanguka kwa kishindo.

"Mukwe, ni nini?" Mama Philomène aliuliza, mgongo ule ule. Alijibiwa na mkoromo. "Mama Fanny! Kuya mbio!"

Muuguzi Fanny aliingia peke yake, akiburuta pampu ya kunyonyea matapishi.

"Mama, shika kichwa!"

"Miye? Huyu njo mukwe wangu!"

"Basi utakuwa mama mukwe wa maiti. Shika!"

Mama Philomène akavuka pazia, akashika kichwa, akaanza kukiinamisha nyuma.

"Hapana! Kisipinde! Kiende pamoja na mabega, sawa gogo."

Fanny aliviondoa vifuko, akamlaza Lambert ubavu, mwili mzima kwa pamoja, akanyonya matapishi kwa pampu. Wakamrudisha chali. Akatia vidole nyuma ya taya, akalisukuma mbele, shingo isitikisike. Hewa ikaingia kwa mluzi. Lambert akakohoa, akavuta tena, na tena.

"Mama, usiachilie. Naita wenzangu."

Wakabaki wawili. Uso ambao Lambert hakuwa amewahi kuutazama ulining'inia juu yake, umepinduka juu chini, jasho likimdondokea puani.

"Usiniangalie," mama mkwe alinong'ona.

"Niangalie wapi, mama?" Sauti ilikwaruza.

"Dari liko."

"Umelifunika."

Mama Philomène alifumba macho. Mikono hakuitoa.