Wiki Tano za Tabu na Mgeni

Mchunga ukivunjwa shina hutoa utomvu mweupe, na harufu yake chungu hukaa mikononi hata baada ya kunawa kwa sabuni. Hiyo ndiyo harufu ya kiangazi changu cha darasa la tano kule Suji. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umetanda juu ya migomba, nilipita kwenye kingo za matuta nikichuma mchunga na majani ya viazi vitamu, kisha nikarudi na kapu nyuma ya jiko, kwenye banda la sungura wangu, Tabu. Alikuwa jike la kijivu, nene, lenye kiburi cha mama mwenye nyumba. Jina alipewa na Mama, naye hakukosea. Pacha wake alikuwa ameliwa na kicheche mwezi mmoja kabla, na tangu siku hiyo Tabu alijikunyata pembeni akaacha majani yanyauke mbele yake. Nilimhurumia mpaka nikakosa hamu ya kucheza.

Nyumbani kwetu tulishika Sabato, na sungura hakuliwa. Tabu alikuwa wa kupendwa tu, jambo lililowachekesha sana majirani: mnyama asiyetaga, asiyekamwa, asiyeliwa, kazi yake nini? Mjomba Mbonea, kaka yake Mama aliyelima mpunga Kihurio, hakuwa na miiko hiyo. Aliposikia habari za Tabu alipanda mlima na jike la kahawia ndani ya tenga, akanikabidhi. "Huyu hapa mwenzake," alisema. "Wasipopatana nirudishie, mimi nina sufuria." Alicheka, mimi sikucheka. Akaahidi kurudi na mchele mpya baada ya mavuno. Mama, ambaye hakupenda ugomvi uani kwake hata wa kuku, alinitazama akasema, "Umesikia, Nakunda. Banda ni moja. Mjomba akija na mchele kabla hawa hawajapatana, atashuka na huyo wa kwake." Nikamwita yule wa kahawia Mgeni, nikaapa moyoni kwamba harudi Kihurio.

Sasa, kwetu kila mtoto alijua namna ya kumpokea mfugo mpya. Kuku akiletwa hufungwa kamba mguuni, akashinda karibu na mlango wa jiko siku kadhaa hadi ayazoee makazi yake. Hata wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Basi nami, kwa ujuzi wangu wote wa miaka kumi na mmoja, nilichana upindo wa kanga kuukuu, nikamfunga Mgeni mguu wa nyuma, nikamfungia kwenye nguzo ndani ya banda la Tabu. Niliona nimefanya jambo la busara. Tabu alimnusa mara moja, akapiga chini kwa miguu ya nyuma, kisha akamrukia. Mgeni alijaribu kukimbia, kamba ikamrudisha. Manyoya yaliruka kama sufi. Hadi nilipofanikiwa kuufungua mlango, sikio la kushoto la Mgeni lilikuwa limechanika na mikono yangu imejaa mikwaruzo.

Mama alikuja akaitazama ile kamba. "Kuku hafungwi ndani ya kiota cha mwenzake," alisema. "Huyu umemfunga ili apigwe." Hakunichapa. Afadhali angenichapa, maana nilijiona mkatili, na usiku ule chakula kilinishinda. Lakini machozi yalipokauka, kilichobaki kilikuwa ubishi. Mimi ni Mpare, na watani wetu husema Mpare akikataa jambo, heri ulishauri jiwe. Asubuhi nilimwomba Baba wavu wake wa zamani wa kuanikia kahawa, akanisaidia kuligawa banda katikati. Tabu huku, Mgeni kule, kila mmoja akimwona mwenzake na kumnusa, asiweze kumng'ata.

Wiki ya kwanza Tabu alishinda akimpa Mgeni mgongo. Wiki ya pili nilianza kuwabadilishia nyasi za kulalia, za huyu nikazipeleka kwa yule, nikiamini kwamba ukilala ndani ya harufu ya mtu siku nyingi utachoka kumchukia. Hakuna aliyenifundisha. Nililibuni jambo hilo kwa sababu ndivyo nilivyomzoea dada yangu, kwa kulala naye kitanda kimoja bila kupenda. Wiki ya tatu niliona wote wawili wakila mchunga pua kwa pua, wavu katikati. Nikakimbilia kuuondoa. Wakapigana papo hapo. Nilirudisha wavu nikaketi juu ya ndoo, nimekasirika, na hapo ndipo nilipotambua kwamba Tabu hakumchukia Mgeni. Alikuwa analinda kwake.

Ilinibidi nitafute mahali pasipo kwa mtu. Chini ya shamba letu palikuwa na ndiva, bwawa la ukoo la kukusanyia maji ya mfereji, ambalo kiangazi kile lilikuwa kavu, limeota nyasi fupi. Maji ya ndiva ni ya wote kwa zamu, hivyo hata watu wazima hawakuthubutu kusema ndiva ni yangu. Niliwatia wote wawili ndani ya tenga moja, nikajitwisha, nikateremka. Njia ile ilikuwa ya mawe na tenga lilitikisika vibaya. Nilipolitua na kufunua, nilikuta wamejibana pamoja kwenye kona kwa woga. Ndani ya ndiva hakuna aliyemfukuza mwenzake. Walinusa mawe, wakala nyasi, kila mmoja kivyake. Nilirudi nao kila siku, wiki ya nne nzima, nikazomewa na kila aliyepita na jembe.

Wiki ya tano Tabu alimsogelea Mgeni, akalaza kidevu chini mbele yake, akatulia. Mgeni alisita. Kisha akaanza kumlamba paji la uso, polepole, kwa muda mrefu. Nililia peke yangu pale, na sioni haya kusema hivyo. Jioni niliung'oa wavu, na haukurudi tena.

Mjomba alifika siku tatu baadaye. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba. Iko wapi mboga yangu?" Nilimpeleka nyuma ya jiko. Walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu, na lile sikio lililochanika liko chini ya shingo ya Tabu. Mjomba alichutama akawatazama. Mama akatoka jikoni akifuta mikono. "Kaka, teremka mikono mitupu," alisema. "Mtoto kashinda."

Siku hizi naishi Same mjini, kwenye joto na vumbi, na nyumbani kwangu kuna akina mama wawili. Mama mkwe tunaishi naye mwaka wa nne, na jiko ni lake. Mama yangu ameteremka kwa ajili ya matibabu ya miguu. Wamekwishanuniana kwa sababu ya makande: mmoja anatia karanga, mwingine anasema karanga ni kuharibu mahindi ya watu. Wazazi si sungura, na Mama akisikia nimewafananisha nitakiona. Lakini wiki iliyopita mume wangu aliponiambia labda mama yangu akapumzike kwanza kwake Suji, sikubisha. Nilimpigia simu dereva wa gari la Suji nikamuuliza anaondoka saa ngapi. Nilipokata simu nikahesabu. Mama alikuwa na siku kumi na moja kwangu, hata wiki mbili hazijatimia.

Jana asubuhi nililivuta begi lake kutoka chini ya kitanda, nikatoa kanga zake moja baada ya nyingine, nikazipanga kabatini mwangu.