Utupa Kwenye Ndoo ya Maji

Vijana mtakaosoma haya, mkisikia mtu anasema dawa ya majani haidhuru, mwambieni mimi nimekataa.

Vidukari walikuwa wamejaa chini ya majani ya kabichi zangu, na dawa ya dukani siitaki shambani kwangu. Nikaponda majani ya utupa, nikayaloweka na kipande cha sabuni kwenye ndoo ya maji ya kunywa pale jikoni, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Utupa ni ule ule tuliokuwa tukiumwaga mtoni utotoni, samaki wakaelea matumbo juu. Nilijua hayo yote, ila sikuogopa.

Niliporudi kutoka bondeni nilimkuta mjukuu wangu wa miaka minne kando ya ile ndoo, kikombe mkononi, kidevu kimelowa.

"Umekunywa?"

"Machungu, Bibi."

Nikapiga yowe. Mama yake, mke wa mwanangu, alimbeba mgongoni tukashuka mbio hadi zahanati, na njia nzima nilikuwa nawaona wale samaki. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mama, utamweleza mganga wewe." Nikaeleza yote.

Walitukalisha hadi jioni wakimwangalia. Kumbe alionja akatema. Akaanza kudai ugali.

Nilipofika nyumbani niliipasua ndoo kwa panga, nikawaambia wote: "Dawa ya bustani itakaa ghalani, juu, kwenye chungu chake. Mkiniona naileta jikoni, ninyang'anyeni."