Mzee Kufuli na Mwanamke wa Bombani

Siku niliyokabidhiwa jumba la sanaa la manispaa, ofisa aliyenipa funguo hakunipa pole wala hongera. Alinipa onyo. Mwaka uliopita picha mbili zilikuwa zimeyeyuka humo. Mlango haukuvunjwa, dirisha halikuguswa. "Ikipotea ya tatu tunafunga," akasema. "Jengo tutawapa watu wa idara ya maji wafanye ofisi."

Sasa hapo mlitaka nimwamini nani? Mlango haukuvunjwa, maana yake mwizi alikuwa mtu wa ndani, na watu wa ndani wote walikuwa wamesimama mbele yangu wakinichekea mpaka jino la mwisho. Nikawachekea na mimi. Kesho yake nikabadilisha vitasa.

Mwaka ule sikumwacha mtu akapumua. Nilifuta kiingilio, maana ukumbi wenye watu ni mgumu kuuibia. Nilishusha picha zilizokuwa zimetundikwa juu utadhani watazamaji wetu ni twiga. Kisha nikaamuru walinzi wawe wanabadilishana vyumba kila wiki, ili mtu na picha wasizoeane mno. Hapo ndipo nilipogongana na Mzee Kufuli.

Jina hilo walimpa wenzake kwa ajili ya mdomo wake. Salamu alikuwa anaitikia, zaidi ya hapo humpati. Alikuwa mwembamba, koti lake la kazi limepigwa pasi mpaka linang'aa viwikoni, na amelinda chumba cha mwisho tangu mimi nikiwa shule. Nikimpanga mlangoni, namkuta chumba cha mwisho, eti amesahau miwani. Nikimpanga ngazini, yuko chumba cha mwisho, eti kuna dirisha linagonga. Na hapo yuko mbele ya picha ileile: mwanamke kainama bombani, mtoto wa kiume kashika ndoo pembeni. Hata hivyo nakisia tu, kwa sababu picha ilikuwa nyeusi tititi. Kabla ya kuletwa kwetu ilikaa miaka na miaka kwenye kantini ya manispaa, juu ya jiko, ikala moshi wa kila mlo. Kuanzia kifuani kwa yule mama kwenda chini huoni kitu.

Nikajiambia, ndiye huyu. Mtu anaipendaje picha isiyoonekana, kama hajaulizia bei yake? Nikaanza kumvizia. Siku moja nikamfuma ameingiza vidole nyuma ya fremu.

"Unatafuta nini, Mzee?"

"Buibui, Mkuu."

Buibui! Nikaondoka huku nimeuma meno. Wiki hiyohiyo dada wa mapokezi akaninong'oneza kwamba kila jioni Mzee Kufuli huchungulia buti la gari langu. Ala! La kwangu mimi? Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto.

Fedha za kusafisha picha zilipopatikana, nikaanza makusudi na ile. Fundi wa kusafisha picha alikuja na kreti lake la mbao la kubebea picha. Mzee Kufuli akasimama mlangoni, mikono kaitanua huku na huku.

"Hii haitoki."

"Mzee, pisha."

"Zile mbili nazo zilikwenda kusafishwa. Mkuu aliyekutangulia alisema hivyohivyo. Mpigie simu umuulize zimefika wapi."

Nilishampigia mara nyingi yule bwana. Hapokei. Lakini kuambiwa mbele ya wafanyakazi wangu kwamba na mimi ni walewale, hilo lilinichoma.

"Kwani hii picha ni ya baba yako?"

"Ni ya mama yangu," akasema.

Kufuli likafunguka. Mchoraji alikuwa mpangaji wao. Mtoto mwenye ndoo ni kaka yake. Mama yao alifariki akimzaa yeye, na nyumbani hakuna picha nyingine, hata ya pasipoti. "Kaka anamkumbuka. Anajua alivyocheka, anajua alivyoita. Kila nikiuliza ananiambia, wewe hukuwepo. Basi, yeye ana hayo yote, mimi nina hii."

"Kwa nini hukusema siku zote hizi?"

"Ningesema, mngenihamisha."

Nilimwamini? Nusu. Nikamwambia isiporudi, mimi na yeye tutatoka kwenye mlango huo siku ileile, kazi hatuna. Akashusha mikono. Tangu siku hiyo hata salamu akaacha kuitikia.

Picha ikarudi. Tukaitoa kwenye kreti palepale chumbani, wageni wakiangalia. Weee! Gauni la kijani, maji yanang'aa, uso wa mama umetulia utadhani anataka kukuambia jambo. Mzee Kufuli akausogelea, akarudi nyuma.

"Siyo."

"Siyo nini tena?"

"Mama yangu si huyu. Huyu binti mdogo! Mmebadilisha! Iteni polisi!"

Niseme ukweli, hata mimi niligeuka nikamtazama fundi. Ningejuaje? Kabla ya moshi, nani aliwahi kuiona ile picha? Nikaona mmoja tu wa kutuamua, nikatuma gari.

Kaka mtu aliingia akihema, mzito, fimbo mkononi, analalamikia ngazi zetu tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Alipofika mbele ya picha akanyoosha fimbo kwenye mguu wa yule mtoto.

"Umelowa. Mnaona? Ndoo ilikuwa inavuja. Nilimwambia mama, akacheka." Akainua fimbo kwenye uso wa mama. "Ndiye. Alikuwa bado binti kweli. Sisi ndio tumezeeka."

Mzee Kufuli hakuridhika. Akaweka kidole karibu na lile gauni la kijani, pale tumboni palipokuwa na moshi mtupu.

"Mbona mnene hivi? Uliniambia alikuwa mwembamba kama mimi."

Kaka mtu akainama, akatazama. Akatazama sana. Akakaa kwenye kiti cha mlinzi bila kuombwa.

"Si unene," akasema polepole. "Ndoo nilibeba mimi kwa sababu yeye alikatazwa kunyanyua vizito. Nimesahauje, Mungu wangu?" Akamshika mdogo wake mkono, akamvuta. "Haya basi. Ulikuwepo."

Mzee Kufuli alisimama pale, machozi yanamshuka hata hafuti. Wageni wakaondoka mmoja mmoja, fundi akakusanya vitambaa vyake.

Manispaa ilituacha tuendelee. Vitasa bado nabadilisha, msidhani nimelainika. Ila jioni ile, baada ya kumsindikiza kaka yake kwenye gari, Mzee Kufuli alikuja ofisini kwangu, koti kalifunga vifungo vyote.

"Mkuu, wiki hii nimepangwa wapi?"

"Mlangoni."

"Sawa," akasema, akaenda mlangoni.